Tambi Zilizorudi

“Mimi sikusema unaumwa. Nimesema nilikuona hospitali unapima.” Ndivyo alivyonijibu jirani yangu Mwanakhamis leo jioni, shoga yangu Fizza, kibarazani kwangu, watu wanasikia.

Nikamuuliza, “Mbona jana sahani ya futari niliyokuletea umeirejesha na tambi zangu zote?” Akasema, “Siku hizi mtu anajihadhari, mwenzangu.”

Anajihadhari. Na tambi, shoga.

Wewe unajua, tangu tusikie aliyekuwa mume wangu anatumia dawa za virusi mimi silali. Leo asubuhi nimerudia kipimo, sina. Unajua wewe tu. Mwanakhamis simwambii ng'o, akae na wasiwasi wake. Na hata ningekuwa navyo, nesi kanambia chakula hakiambukizi.

Mara adhana ya magharibi ikalia. Ndani wanawake wa mtaa niliowaalika wamejaa, sinia moja, mikono mingi, na futari nani ataikataa mbele za watu? Nikamshika mkono, nikapaza ile sauti yangu ya harusini: “Ingia, Bi Mwanakhamis, tufuturu. Nimekuwekea nafasi hapa, ubavuni mwangu.”