Mama, nilizima radio ukaendelea kuimba

Mama yangu mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu simu imeshindwa. Nikipiga huko Kiliba, mama mdogo ndiye anashika, ananiambia, "Dada amelala." Asubuhi umelala, jioni umelala. Weye, ambaye hata malaria haikukulaza mchana! Nimeelewa, mama. Na hata ungeishika hiyo simu, ungesikia nini? Ndiyo maana nimechukua karatasi, mimi niliyeacha shule kabla mwalimu hajanifundisha mahali pa kuweka nukta. Kabla ya kuituma nitaisoma kwa sauti pale kwenye parkingi ya Kavimvira, mbele ya madereva wenzangu na wale wabadilishaji wa pesa. Nilikucheka mbele ya watu. Siwezi kukuomba msamaha nyuma ya mlango.

Nakumbuka masikio yako ya zamani. Ulikuwa ukifua mtoni Mulongwe, umenipa mgongo, mimi ninaimba huku ninarusha mawe majini, na bila kugeuka unasema, "Mstari wa pili umekosea, rudia." Nakumbuka siku niliyojificha nyuma ya nyumba na ndagala zako, vile visamaki vya ziwani, mfukoni. Nilitafuna moja tu, tena kwa adabu, na wewe uko jikoni, mafuta yanalia kwenye sufuria. Ukapaza sauti: "Temea hapo hapo!" Nilikua nikiamini kwamba Mungu akitaka kujua habari za Uvira anakuuliza wewe kwanza.

Halafu nikanunua gari. Unajua nilivyolisifu. Mimi niliyekula ugali wa Kigoma, wali wa Dar es Salaam na mikate ya Bujumbura, nilirudi nyumbani na teksi yangu mwenyewe, usukani upande wa kulia, na radio iliyotoka nayo kiwandani Japani. Ukiwasha gari, kulikuwa na dada mmoja ndani ya radio anasema maneno ya Kijapani. Ukaniuliza, "Huyu anataka nini?" Nikakuambia anakusalimia. Tangu hapo kila asubuhi ukipanda pembeni yangu ukawa unamjibu, "Ndiyo dada, na weye je?" Abiria walikupenda kwa hilo. Kisha siku moja ukaacha kumjibu. Mimi nikafikiri umemchoka.

Ile radio ilikuwa na kasoro moja tu. Namba zake za FM zinaishia tisini, na radio ya parokia iko juu ya hapo, kwa hiyo kwaya yako ya asubuhi ilikuwa haishikiki. Nikaweka kale kaboksi kadogo kanakoshusha namba. Kwaya ikaingia, safi. Lakini ukasema, "Wanaimba mbali." Nikaona aibu. Gari la mwana wako, kwaya iimbe mbali? Nikaenda kwa fundi wa Kasenga, tukang'oa radio ya Japani, tukaweka nyingine ya kichina yenye taa za buluu. Ukasema, "Sasa ni vizuri," na kesho yake ukaongeza sauti mpaka mwisho. Tukafungua milango, tukakuta mabafle, yaani spika za kiwandani, karatasi zake zimepasuka kama kitabu cha mtoto. Tukaweka mengine, yametoka kwenye gari lililogongwa huko Bujumbura. Ndani ya milango tukabandika ule utepe wa lami ambao watu wanazibia mabati yanayovuja, tukajaza na vipande vya godoro, ili chuma kisipige kelele. Mwisho tukatia ampli ya kukuza sauti, na lile bafle la besi chini ya kiti chako.

Mama, lile gari lilikuwa linalia kama gari la waziri, na sikutumia hata nusu ya pesa ambayo wengine wanatupa kwa fundi wa mjini. Watu walikuwa wanasubiri teksi yangu kwa makusudi. Unaniona? Naomba msamaha na bado najisifu. Huu mdomo umeniharibu.

Kila tulipoongeza kitu, ulisema imekuwa nzuri zaidi. Kila mara nilirudi kwa fundi nikamwambia, "Bado, mama yangu bado anaongeza sauti, mashine yako ina ugonjwa." Tukatafuta ugonjwa kwenye waya, kwenye batri, kwenye antena. Hatukutafuta kwako. Sijui nilikuwa naogopa au nilikuwa mjinga tu. Nikikuuliza, "Mama, unataka soda?" unajibu, "Kesho." Nikaona ni mzaha wako.

Sasa ile siku. Naiandika yote ili wanaosikiliza hapa parkingini waijue kutoka kwangu.

Tulitoka Kavimvira, wewe mbele pembeni yangu, abiria watatu nyuma. Kwaya ilikuwa imepaa, wewe unaimba nayo, mkono wako umelala kwenye mlango kama kawaida yako. Yule mama wa nyuma, mwenye kikapu cha nyanya, akasema, "Shofa, punguza, utatupasua vichwa." Nikazima kabisa. Na wewe ukaendelea, mawe ya barabara yakiutikisa mlango kama besi. Unaimba, kichwa kinakwenda taratibu, macho yako barabarani.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angewasha tena, polepole, akanyamaza. Mimi nikawakonyezea abiria kwenye kioo. Nikakugusa bega, nikakuuliza kwa sauti kubwa, "Mama, sauti iko sawa leo?"

Ukanitazama usoni, ukatabasamu. "Leo iko nzuri sana, mwana wangu. Nasikia mpaka wale wa soprano."

Nikacheka. Wakacheka, kijana mmoja akapiga hata makofi. Nikaongeza, "Na wanaimba wimbo gani?" Wewe ukaangalia kioo, ukaona meno yetu. Ukabonyeza kiganja chako kwenye mlango, pale lilipo bafle. Tulikuwa tumeingia lami, mlango ulikuwa kimya. Hautetemeki. Ukautoa mkono pale kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, ukauweka mapajani, ukaufunika na ule mwingine.

Ukasema, "Nishushe hapa."

Tulikuwa darajani Mulongwe. Nilikushusha, mama. Nilikuwa bado na kicheko mdomoni, sikujua nikiweke wapi. Ukaondoka kwa miguu, na yule mama wa nyanya akanigonga bega kwa kidole. "Papa, muntu hachekake mama yake. Hata kama iko mchezo." Akashuka naye, nyanya zake kichwani, akakufuata, sijui kama mlisemezana. Jioni nilikuta kitanda chako kimetandikwa na begi lako halipo.

Jumapili Mama Zawadi, kiongozi wenu wa kwaya, alikuja nyumbani kuuliza kwa nini hukuonekana misani. Nilipomweleza, alikaa chini bila kukaribishwa. "Sisi wote tulijua," akasema. "Tangu mwaka jana tulimuhamisha, tukamuweka karibu na ngoma, miguu yake ishike mapigo. Tulimwambia ni kwa sababu sauti yake inafaa pale. Akapokea. Hakuna aliyesema neno."

"Na ninyi mbona hamkuniambia?"

"Kukuambia weye?" Mama, alivyoniangalia! "Weye ambaye habari ikiingia kwa sikio lako, kabla ya chakula cha mchana iko Bujumbura? Tungemuficha namna gani?"

Mimi! Wanawake wazima walikuwa wamefunga midomo yao ili wewe uendelee kuimba, na mwana uliyemzaa ndiye aliyeuza siri hiyo kwa kicheko cha abiria watatu. Na kumbe mashine yangu haikuwa bure kabisa. Besi ilikuwa inakufikia kwa kiganja. Ulikuwa unaisikiliza kwaya kwa mkono wako, mama, na mimi ndiye niliyeunyamazisha mlango ili watu wafurahi.

Tangu hapo natembeza gari bila muziki. Watu wanauliza kama ampli imeungua. Nasema ndiyo, imeungua. Mwongo tena.

Kuna jambo jingine limenijia nikiwa peke yangu kwenye usukani, nalo linaniuma kuliko lile la darajani. Kwa miezi mingi ulikuwa ukinitazama mdomo nikisema. Popote, mezani, garini, ulikuwa hunibandui macho. Niliwaambia wenzangu, "Mnaona mama anavyopenda maneno yangu?" Nilivimba kichwa. Ulikuwa unafanya kazi, mama. Ulikuwa unajitahidi kunipata. Na mimi nilikuwa nasema huku natazama barabara, nasema huku natafuna, nasema huku nimekupa kisogo, kisha nashangaa unajibu kesho.

Hospitali kuna daktari wa masikio anayekuja siku moja moja, nimeulizia. Ukitaka, tutaenda. Usipotaka, sitakuburuta, na jibu lako sitamwambia mtu, hata mke wangu. Kuhusu kwaya, Mama Zawadi amesema hajamweka mtu mahali pako. Hayo ni ya kwako kuamua, sikuandiki ili kukusukuma.

Jumamosi nitakuja Kiliba. Sitapiga honi, sitaita jina lako toka barabarani kama ninavyofanya siku zote ili majirani wajue nimefika. Nitaingia uani, nitasimama upande wenye mwanga, niugeuze uso wangu kwako, nivue kofia ili kivuli kisinifunike mdomo. Nitasema neno moja tu, polepole, bila sauti. Ukilisoma na ukaona ni la kweli, chukua begi lako. Ukiona bado kuna mzaha ndani yake, funga mlango, nami nitarudi Jumamosi nyingine nijaribu tena.

Ni mimi mwanao wa kwanza, mwenye mdomo, ambaye leo hana la kujisifia.