Jina Lililorukwa Duara la Tatu

Runzewe, Jumapili

Dada Agnetha, shikamoo.

Samaki ulionitumia kutoka Chato wamefika. Sijawagusa, situlii.

Programu yangu ya machimboni ina mizunguko miwili. Wa nje unapita kila duara, yaani kila shimo, na wa ndani unakagua majina ya waliomo. Nilisahau kuurudisha wa ndani kwenye sifuri, ukaishia duara la kwanza, majina ya mashimo mengine hayakukaguliwa. Ijumaa udongo wa duara la tatu ulipoporomoka, kompyuta ikaandika, "Wote wametoka."

Msimamizi Mageni akaniuliza, "Mbona shemeji yako simwoni?"

Nikaita majina kwa sauti. Mumeo Eliya hakuitika. Wakachimba, wakamtoa mzima, ila mguu umevunjika.

Sasa anawaambia wanaomjulia hali, "Shemeji ndiye aliyeniokoa." Njoo, dada, nimwambie kosa langu ukiwepo.

Mdogo wako,
Bernadina