Maji Yangu ya Bondeni

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Mama yako hajambo, na mikorosho imechanua. Unauliza kwa nini mwalimu anataka uchemshe kipande kimoja cha nyama kabla ya kukitia rangi ya kuonyesha vimeng'enya.

Enzi za Ujamaa, maji ya maabara yetu hapa Kitangari niliyapandisha mwenyewe kichwani kutoka bondeni. Siku moja nilitia rangi hiyo kipande cha figo, kikashika weusi vizuri, dalili kwamba kimeng'enya kimo. Mama Zuhura, mwenzangu kazini, akacheka: "Dada, hicho si kimeng'enya. Ni tope la maji yako!"

Maji yangu? Nikachemsha kipande kingine ili kimeng'enya kife, nikakitia rangi ile ile, kwa maji yale yale. Hakikushika weusi hata chembe; lingekuwa tope, nacho kingekuwa cheusi.

Mama Zuhura akainua macho kutoka kwenye hadubini, akachukua ndoo. "Kesho tunateremka wote."

Ni mimi bibi yako, shingo bado imenyooka.