Ulimwuliza Daktari Alisoma Wapi

Papa wangu, mbishi wangu,

Nimekasirika nawe, na nakuandikia na hasira yangu hiyo hiyo, maana nikisubiri ipoe sitakuandikia kamwe. Hapa Kamembe, juu ya ile meza uliyoipigilia misumari mwenyewe, kuna barua mbili. Shule mbili za udaktari zimenikubali. Moja ni ile ya zamani, ambayo ulikuwa ukilitaja jina lake umevua kofia. Nyingine ni ile mpya, ambayo bado haijatoa madaktari wengi. Mpaka Ijumaa lazima nijibu. Maman amekwisha kuchagua. Anasema wewe ulichagua zamani, na mimi nisikubishie kwa kuwa umekufa. Nakubishia hivyo hivyo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinunua viatu? Siku za likizo tulivuka daraja la Rusizi, pale mpakani, pamoja asubuhi, tukaenda kwenye kibanda chako sokoni Bukavu, ukafungua robota la mitumba na kuanza kesi. Ulikunja soli, ukanusa ngozi, ukaingiza mkono mpaka kwenye vidole. Kiatu kilichokwisha kuvaliwa ulikiamini. Kipya ulikitazama kama mgeni asiyetaka kusema ametoka wapi. "Kiatu ya mupya bado haiyaonyesha tabia yake," ulisema, na wateja wakacheka, nami nikacheka. Utoto wangu wote nilivaa viatu vya watu nisiowajua. Sitakudanganya, nilivipenda.

Halafu walikuja darasani kwetu watu wa ile shule mpya. Walitugawia karatasi yenye picha: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameketi mkekani na mama mgonjwa, nyumbani kwake, kijijini. Niliileta nyumbani karatasi ile mbio. Nikakuambia hawa wanafundishwa kwa wagonjwa tangu mwanzo, hawangoji miaka. Ukaisoma mbele na nyuma, kisha ukaitupa kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, katikati ya moto. Nilipoingiza mkono kuitoa, ulinipiga kofi nikaangukia sufuria ya maharage. Damu ilinitoka puani ikaingia kwenye maharage.

"Miye sivukake mupaka kila siku juu weye uende kusomea fasi ya bila jina!"

Kesho yake uliweka mlangoni kwangu jozi ya viatu vyeupe, vilivyotumika vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yako ya kuomba msamaha. Nilivivaa.

Asubuhi ile vita vilipoingia Bukavu, watu wenye akili walikimbia na watoto wao. Wewe ulirudi sokoni kuchukua viatu. Nilikuwa nyuma yako nakuvuta shati, nalia, nakuambia tuviache. Sokoni waporaji walikuwa wanavunja kila kitu: milango, makufuli, vichwa. Nilimwona muuza simu akipigwa nondo mpaka akaacha kujikinga, na bado wakampiga. Kibandani kwetu wanaume watatu walikuwa wamekwisha kuingia. Ungeweza kuwaachia, Papa. Ulilikumbatia robota, ukampiga mmoja teke la tumbo, na mwenzake akakuchoma kisu chini ya mbavu. Akakiacha pale pale mwilini mwako, akabeba viatu, akakimbia. Hakuchukua hata jozi nzuri.

Jirani yako muuza unga alileta mkokoteni wake. Tukakulaza juu ya mifuko mitupu, tukasukuma. Upande ule hakuna mlango wa hospitali uliofunguka, kwa hiyo tukaelekea mpakani. Damu ilikuwa kidogo. Nakumbuka nilishangaa ilivyokuwa kidogo.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nyumba yetu ilipovunjika. Sisi wa mpakani tunajua jambo moja bila kufundishwa: kisu hakivuki. Mara ngapi askari wameninyang'anya kisu changu cha kukatia maparachichi wakakitupa kwenye ndoo yao? Muuza unga ndiye aliyeanza.

"Basoda bakiona kisu batatusimamisha. Bataulizauliza mpaka jua iingie."

Na wewe mwenyewe ukasema, "Toa, mutoto wangu. Toa twende."

Nilishika mpini, nikafumba macho, nikavuta. Kilitoka kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia nikikata nyama. Damu ikakifuata, ikajaa mkokoteni, ikanilowesha mpaka magotini. Kile kisu nilikitupa mtoni.

Darajani askari alituona tu, akaanza kupiga kelele watu wapishe, akakimbia mbele yetu kutufungulia njia. Hakupekua kitu. Angetupitisha na kisu, na panga, na mkuki.

Hospitalini alikupokea daktari kijana, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliweka ngumi kwenye kidonda chako kabla hajatuuliza hata jina.

"Ni nani alitoa kisu?"

"Ni miye," nikasema.

"Sawa. Kamata hapa. Kandamiza na nguvu yako yote."

Hakunigombeza. Alikuambia chumba kiko tayari, anakupasua sasa hivi, tia kidole tu kwenye karatasi hii ya kukubali. Ndipo ukafungua macho, ukamtazama kuanzia juu mpaka chini, na ukauliza swali lako.

"Docteur, ulisomea wapi?"

Akakutajia shule yake. Ilikuwa ile mpya.

"Iyo siiyue," ukasema. "Muniitie docteur muzee."

"Mzee wangu, docteur muzee iko anapasua mwingine. Hatuna saa."

"Nitamungojea."

Maman alikuwa amefika mbio kutoka nyumbani, mikono bado ina unga. Alipiga magoti sakafuni akakushika miguu. Nesi alikusihi. Mimi nilikupigia kelele, nikakutukana tusi ambalo sitaliandika hapa. Mara tatu yule kijana alikuletea karatasi, na mara tatu ukakunja ngumi ili asikishike kidole chako. Ulikuwa unamkagua, Papa! Unakufa, na unamkagua! Ulimtazama vidole, ukamtazama koti, ukamtazama viatu. Viatu vyake vilikuwa vipya. Mikono yangu ilikuwa juu ya kidonda chako, na nilihisi ukipungua chini yake.

Ulizimia wakati ule ule mlango wa chumba cha upasuaji unafunguka. Daktari mzee alitoka aproni imelowa damu ya mtu mwingine, akauliza, "Mbona hamujaanza?" Wakakuingiza. Aliyeshika wembe alikuwa yule kijana, na mzee wako alisimama pembeni akimsaidia. Ulifia mikononi mwa wote wawili.

Siku ya pili ya matanga, dada yako alinivamia mbele ya wageni. Alivua kandambili akanichapa nayo mdomoni mpaka mdomo ukapasuka. "Muuaji! Weye ndiye ulimumaliza! Weye ulitoa kisu!" Hakuna aliyemzuia. Nilimtazama Maman. Maman alikuwepo hospitalini, alilisikia swali lako kwa masikio yake. Akatazama sakafu. Tangu siku ile kifo chako kina sababu moja tu katika nyumba hii, nayo ni mimi. Nimekula na sababu hiyo, nimelala nayo, nimefanya nayo mitihani. Nilifaulu kwa hasira, Papa, si kwa akili.

Juzi nilikwenda kumtafuta yule daktari. Bado yupo pale pale, na miwani imepata uzi mpya. Nilimwonyesha barua zote mbili, nikamwuliza niende wapi.

"Tumbo ni ile ile, dada," akasema. "Mushipa ni ile ile. Pande zote mbili batakufundisha muzuri."

"Na bagonjwa, bado bakuulizaka ulisomea wapi?"

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Wiki hii, babili."

"Na unafanyaka nini?"

"Najibu. Halafu nangojea."

Mimi nilitaka ile mpya. Nakuambia wazi, nilitaka karatasi uliyoichoma. Nilitaka kukaa kwenye mkeka ule. Na zaidi ya yote nilitaka kukukomoa: nilipanga kuja kaburini kwako na barua yao, niipigepige kwenye msalaba wako mpaka ichanike, nikuulize kama sasa unaijua. Nililipanga jambo hilo wiki nzima na likanipa raha.

Lakini jana nilikaa mezani na kalamu, nikamwona mtu amelala mbele yangu. Shati lake limelowa. Ananitazama vidole, koti, viatu. Watu kama wewe hawajaisha, Papa. Wamejaa Kamembe, wamejaa Nzahaha, na wengi wao wana mabinti wanaowapenda. Nikajiuliza nitamjibu nini, na atabishana nami kwa muda gani, na damu yake itakuwa wapi wakati huo.

Nimejaza fomu ya ile ya zamani.

Maman alipiga vigelegele. Alisema nimekutii, akachukua simu ampigie shangazi. Nikamshika mkono. Nikamwambia sikumtii mtu, na nikamweleza kwa nini nimechagua hivyo, neno kwa neno, na swali lako nikalisema kwa sauti ndani ya nyumba hii kwa mara ya kwanza. Aliweka simu chini. Akaanza kuvuta uzi kwenye kitenge chake.

"Nilisikia, mutoto wangu," akaniambia. "Nilikuwa pale."

Ni hayo tu aliyosema. Tulilia mpaka maharage yakaungua, na usiku tukayala hivyo hivyo. Leo asubuhi amempigia dada yako mwenyewe. Sijui walisema nini, lakini nilimsikia Maman akifoka, na hajawahi kumfokea.

Usijivune huko uliko. Sikuchagua shule yako kwa sababu ulikuwa na haki. Hukuwa na haki, na yule kijana angeweza kukuponya. Nimeichagua ili mbishi mwingine akiniuliza nilisoma wapi, nimjibu kwa neno moja, na kabla hajamaliza kuridhika niwe nimekwisha kumpasua.

Siku ya kwanza nitavaa vile viatu vyeupe. Vinanibana kidogo sasa. Nakupenda, na bado nimekukasirikia, na sidhani kama moja litaondoka liache jingine. Pumzika, Papa. Na ukikutana na watu huko, tafadhali, usimwulize mtu alisoma wapi.

Ni mimi, binti yako,
niliyekitoa kisu.