Neema Analala Kwangu

Magwagwa, Wilaya ya Kisii
Jumapili, mvua inanyesha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembeni, maana huku hata barua inanyeshewa, lakini maneno yote nimeyasoma. Natumai mguu umepungua kuvimba, na kwamba ile dawa unaimeza, si kuiweka kabatini kumwonyesha daktari akipita. Sisi tu wazima. Baraka ameota meno na anayajaribu kwangu. Neema ni mzima, amerefuka, viatu hataki. Baba yao naye mzima, anaendesha lori la majani chai kila siku isipokuwa Jumamosi, na akirudi nyumbani anasinzia kabla hajavua soksi.

Sasa mama. Umeandika kwamba mwezi wa nane kaka Stefano atakuja kumchukua Neema aje kukaa na wewe Kisauni na kusoma huko pwani, kwa sababu mimi nimezidiwa na kwa sababu baridi ya milima hii itakuulia mjukuu. Hukuniuliza. Umeandika kama mtu anayeagiza sukari dukani. Jibu nitakupa, lakini kwanza nataka ujue mambo ya huku yalivyo hasa, maana kila nikiandika "tuko salama" wewe unasikia "njooni mniokoe".

Kuzidiwa nimezidiwa, sitakuficha. Mahali hapa hapana tambarare hata ya kuweka sufuria. Nyumba imechimbiwa ubavuni mwa mlima, jiko limeinamia mtoni, na boga likikuponyoka mkononi unalifuata hadi shambani kwa jirani, unamkuta ameshaanza kulikata. Maji yako chini kabisa. Unashuka na debe tupu ukiteleza kwenye udongo mwekundu, unapanda na debe limejaa, mtoto mgongoni, na ukifika juu kuna mtu amekaa anakuuliza mbona umechelewa. Mwezi uliopita mvua ya mawe ilipiga chai yetu ikabaki kama imetafunwa na mbuzi. Nguo za Baraka hazikauki. Nazianika juu ya moto, kwa hiyo mjukuu wako ananukia kama samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Chakula nacho. Ugali wa wimbi, mweusi, mzito, ukiumeza asubuhi unaukumbuka mpaka jioni. Na chinsaga, ile mboga sisi tunaita mgagani. Nilipojifungua Baraka nilipewa chinsaga asubuhi, mchana na usiku, ati inaleta maziwa. Inapikwa kwa maziwa, inaachwa motoni saa nyingi ili uchungu upungue. Uchungu haupungui, mama, ni wewe unayechoka kuulalamikia. Maziwa yalikuja tele, hapo siwezi kubisha. Lakini chai! Kutoka mlangoni kwangu mpaka macho yanapoishia ni chai, mlima baada ya mlima, na mimi sinywi. Mama mkwe ni Msabato wa kweli, na kwake chai ni ya kuchuma na kuuza, kinywani haiingii. Nachuma tangu umande haujakauka, vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, narudi nyumbani napewa maji moto na maziwa. Yangu naipika akienda sokoni, mlango nimefunga, kama mtu anayepika chang'aa.

Halafu tumbili. Wanatoka kwenye msitu wa mtoni. Humo wamo pia mbega, weusi wenye manyoya meupe mgongoni kama shuka, viumbe wazuri wasiomwudhi mtu. Adui ni tumbili, na wanamjua mwanamke, sikutanii. Akitokea mwanaume wanakimbia. Nikitokea mimi na mawe yangu, wananitazama huku wanamenya hindi. Siku moja nikasema potelea mbali. Nikavaa suruali ya baba Neema, koti lake na kofia yake, nikashika panga nikashuka. Walikimbia hao! Nikabaki nacheka peke yangu kati ya mahindi.

Kumbe nimesahau nakaa wapi. Huku watu wanaongea kutoka mlima huu hadi ule kwa kupaza sauti tu, na aliye ng'ambo ya bonde analiona shamba lako kuliko unavyoliona mwenyewe. Kerubo, jirani yetu wa upande wa pili, mwanamke wa makamo yangu lakini ana koo la tarumbeta, akaita:

"Weee! Mwanaume gani huyo kwenye mahindi yenu?"

Mama mkwe akajibu kutoka mlangoni, "Si mwanaume! Ni mke wa mwanangu!"

"Kavaa suruali?"

"Kavaa!"

"Ya nani?"

"Ya mumewe! Ungetaka iwe ya nani?"

Nilipomaliza kupanda ili niivue, mzee wa kanisa wa kule juu alikuwa ameshapata habari kamili pamoja na rangi ya kitambaa. Jumamosi iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya mavazi.

Nacheka nikiandika, lakini siku ile nililia. Na ndiyo maana barua yako hii ya kusema Neema aje niliiweka chini ya godoro nikawa naitoa kila siku. Nilikuwa karibu kukubali, mama. Ujue hivyo.

Lakini nikueleze kilichotokea.

Huku wana desturi. Mtoto akipata mdogo wake, yule mkubwa anahama kitandani kwa mama, anakwenda kulala nyumbani kwa nyanya yake, ambaye wanamwita magokoro. Si adhabu, ni heshima, na watoto wanapenda. Baraka alipozaliwa, mama mkwe alikuja akamchukua Neema na kibunda chake cha nguo kikaingia kwenye kikapu kimoja. Mimi nikashukuru. Nilikuwa nimechoka hata kuona. Nikasema ni kwa siku chache, mpaka nipate nguvu. Nguvu zenyewe zikachelewa, na Neema akazoea. Analala huko, anaamkia huko, anakula ndizi za kuchoma huko. Wanakwenda pamoja kukata majani ya ng'ombe. Anazijua mboga zote za porini kwa majina, anaongea Kikisii kama amezaliwa nacho, na mimi nikikwama sokoni yeye ndiye ananitafsiria, amejishika kiuno.

Sasa Jumatano ya juzi nilirudi kutoka kwenye chai nikakuta mlango wa mama mkwe umefungwa kwa kamba. Hayupo. Neema hayupo. Hakuna aliyeniaga. Kule Manga mawingu yalikuwa meusi, na mto ulikuwa umejaa tangu jana yake, umebeba mbuzi wa watu. Nikamfunga Baraka mgongoni nikashuka mbio hadi mtoni. Hakuna mtu. Nikaita Neema, Neema, mpaka sauti ikakauka. Naona maji mekundu tu yanapita.

Kerubo akanisikia. "Unatafuta nini huko chini?"

"Neema! Umemwona Neema?"

"Panda juu! Nyuma ya migomba, kwenye kichuguu! Naona blanketi!"

"Blanketi la nini?"

"Nitajuaje? Panda ukaulize!"

Nikapanda, mama, kwa mikono na miguu. Nilipokaribia migomba nikasikia mvua. Matone mazito yanadondoka karibu kabisa, tatata, tatata. Nikanyoosha mkono, mkono mkavu. Nikatazama juu, hakuna tone. Mbele yangu kichuguu kimefunikwa blanketi juu ya vijiti kama hema, na mvua inanyesha ndani ya blanketi.

Nikalifunua. Mama mkwe na Neema wamepiga magoti, kila mmoja ana vijiti viwili, wanagonga kipande cha gogo. Ndivyo wanavyofanya huku. Kumbikumbi wakisikia kule kugonga wanadhani mvua imeanza, wanatoka mchana kweupe, na walikuwa wanatoka kwa mamia wakiingia kwenye shimo walilochimbiwa. Neema mabawa yamemjaa kidevuni. Mashavu yamevimba kwa anachotafuna.

Aliponiona alifurahi, sisemi hakufurahi. Akamgeukia nyanya yake, akasema kwa Kikisii, "Magokoro, mama Baraka amekuja. Tumpe?"

Mama Baraka. Kama anavyoniita Kerubo. Kama anavyoniita mwuza chumvi.

"Tumpe," mama mkwe akasema. "Amekimbia sana."

Nikakaa kwenye matope nikala kumbikumbi wabichi, watamu kama karanga, huku machozi yananitoka. Wao wakadhani ni woga wa mto.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa mama mkwe. Nilimkuta anapepeta mabawa kwenye ungo, Neema amelala tayari. Huku mtu habishani na mama wa mumewe. Nilijua hivyo, nikasema tu.

"Mama, leo Neema analala kwangu."

"Kwako kuna mtoto mchanga."

"Mkeka pia upo."

"Mumeo alilala kwa magokoro wake. Mimi nililala kwa wangu. Nani alikufa?"

"Hakufa mtu, mama. Lakini ananiita mama Baraka."

"Kwani wewe si mama Baraka?"

"Nilikuwa mama Neema kwanza."

Akapepeta. Mabawa yakaruka mlangoni. Nikangoja anifukuze, maana angekuwa na haki. Baadaye akaniuliza, bila kunitazama, "Na mimi nitalala na nani?"

Mama, nimekaa hapa miaka yote hii namlaumu mwanamke yule kwa chai na kwa suruali, na sikuwa nimewahi kujiuliza hilo. Baba mkwe alikufa kabla sijaolewa. Watoto wake wote wana nyumba zao. Kitanda ni kile kile.

Tumepatana hivi: mchana Neema ni wa kila mtu, atembee na nyanya yake wanakotaka, ila waniage. Ijumaa jua likizama, Sabato ikiingia, analala kwa nyanya. Siku nyingine zote analala kwangu. Mama mkwe alikubali huku ananiambia, "Mchukue basi. Ana miguu ya barafu huyo, na anapiga mateke. Utamrudisha mwenyewe." Mateke ni kweli. Simrudishi.

Sasa nije kwako, na hili sijawahi kukuandikia wala kukuambia. Nilipokuwa na umri wa Neema ulinipeleka kwa bibi, Rabai. Najua sababu. Baba alikuwa hajiwezi, na wewe ulikuwa unafua nguo za watu kutwa. Bibi alinipenda sana, hakuna siku nililala njaa. Unakumbuka siku uliponirudisha? Nilisimama mlangoni na kifurushi changu, nikakusalimia, "Shikamoo, shangazi." Watu wote walicheka. Wewe pia ulicheka, halafu ukaingia chumbani ukakaa huko muda mrefu. Mimi nilidhani unatafuta kitu.

Sikulaumu, mama, na usilie kwa hili, mguu utavimba zaidi. Nakueleza tu sababu. Neema haji Kisauni. Stefano akija atakaribishwa, atapewa ugali wa wimbi mpaka aombe msamaha, lakini atarudi peke yake. Shule ipo huku, juu ya mlima ule mwingine, Januari anaanza. Nimechoka, ndiyo. Nitachoka naye akiwa hapa.

Na kama ni mjukuu unayemtaka, njoo wewe. Mguu ukipona, panda gari la moshi mpaka Kisumu, halafu basi mpaka Kisii. Uliza soko la Daraja Mbili, nitakungoja upande wa wauza ndizi, usimpe mtu yeyote mzigo wako mpaka unione. Vaa sweta, si khanga mbili ukasema zinatosha. Niletee nazi, hata kama zitavunjika njiani, na majani ya mchaichai, hayo mama mkwe hana neno nayo.

Nisalimie kaka Stefano, umweleze vizuri asione nimemdharau. Msalimie shangazi Eda wa duka la mafuta ya taa, na mwanawe aliyeingia jeshini, kama anaandika. Msalimie mama Zuhura jirani yako anayekusomea barua hii, na namwomba ile sehemu ya Rabai aisome polepole. Baba Neema anakusalimu sana, amesema hayo akiwa amefumba macho.

Mama mkwe naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia uje, akauliza kama unakoroma. Nikasema ndiyo. Akafikiri, akasema hapana neno, utalala kwake, kitanda ni kikubwa na siku hizi kina nafasi.

Ni mimi mwanao,
Raheli