Skrubu ya Shemeji Imezama Nyuma ya Shavu Langu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na mume wa dada yangu mkubwa ni daktari wa meno, ndiye aliyening'oa gego la juu lililooza kisha akasema pengo ataliziba kwa jino la kupandikiza, lile linaloshikwa na skrubu ndani ya taya, nami nikamuuliza, "Shemeji, si unipige picha kwanza uone mfupa?" akacheka, "Picha ni za wanaojifunza," akatoboa, akafunga, nikarudi kazini. Baadaye shavu likawa zito, pua upande mmoja ikatoa uchafu unaonuka, halafu siku moja ofisini kwa walimu nikanywa chai ikatokea puani mbele ya wenzangu, nikasingizia nimepaliwa. Nikaenda kimyakimya kwa daktari wa pua, akapiga picha inayoonyesha kichwa pande zote, akanielewesha kwamba juu ya magego kuna uwazi wenye hewa unaofungukia puani, na mfupa wangu chini yake ni mwembamba kama ganda la yai, skrubu imeupasua na sasa imelala humo humo ndani.

"Aliyekuwekea hakupima?" akaniuliza. Nikachukua picha yangu nikaaga. Ni ndugu.

Shemeji nilipomwambia alinijibu nina mafua. Dada akanishika magoti, "Usimharibie jina, wanangu watakula nini?" na mama anataka shemeji aitoe mwenyewe kliniki ikishafungwa, yaishe kifamilia, nikikataa nisikanyage kwake. Mshauri, nikiwainamia watoto niwasomeshe wanaziba pua. Nifanye nini?

Mwalimu Mwenye Shavu Zito

JIBU

Pole, mwalimu. Pole sana. Lakini tangu lini usaha ukawa siri ya familia? Aliyekataa kupima kabla ya kutoboa, leo unafikiria kumfungulia mdomo tena, tena kwa kujificha? Acha mchezo. Uchafu huo uko karibu na jicho lako, si kwenye kidole cha mguu.

Rudi kwa daktari wa pua wiki hii. Aitoe skrubu, asafishe uwazi, tundu lizibwe. Mpaka hapo usipenge kamasi kwa nguvu. Jino jipya lisubiri upone, na mpasuaji wa taya aangalie picha ndipo aseme kama mfupa utaongezwa au utabaki na pengo lako.

Kisha peleka malalamiko kwa wanaosimamia madaktari wa meno. Najua unamwonea dada huruma, na mama atanuna, huenda kwa muda mrefu, sitakudanganya. Ila kiti kile kesho atakikalia mtu mwingine, naye ataambiwa picha ni za wanaojifunza.

Shemeji akija na matunda kukubembeleza, mkaribishe akae, umwambie mbele ya dada yako: "Mdomo wangu hutaugusa tena." Usiongeze neno.