Kikombe Mu Giza

Yaya Gisèle, kule Bukama,

Huku muhogo inakauka muzuri, na ku masomo tunajifunza muchezo ya zamani ya Baingereza: muntu anazimisha taa kwanza, njo anaua nduku yake mufalme. Nilikuwa nacheka.

Jana Baba mudogo Monga, ule mwenye kukosa kiti ya uchefu wakati Baba aliipata, alimuletea Baba munkoyo, ile pombe ya mahindi. Unajua desturi: mwenye kuleta kinywaji anaonja wa kwanza, bantu bote banaona. Lakini alipuliza taa. "Mafuta iko bei kali," alisema. Mu giza sikusikia anameza.

Leo Baba anashika tumbo. Monga alisema atarudia mangaribi na kikombe ingine. Asubui minyi mwenyewe nilijaza taa. Sasa haina hata tone. Kuya na treni, yaya.

Mudogo yako,
Kyabu